Doa la Bega la Kushoto

Omdurman, 14 Mei 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana, Atbara.

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, na natumaini barua hii itakukuta goti limetulia. Baba anakusalimu na anauliza kama yule mbuzi mweusi amezaa. Tayba hajambo. Harusi yake imewekwa Alhamisi ya tarehe 15 Novemba, baada ya Idi ya kuchinja, na tangu tarehe ipangwe dada yangu haoshi hata kikombe. Mama pia hajambo. Yuko jikoni wakati naandika, kwa hiyo sijamuuliza kama anakusalimu, lakini nadhani angekusalimu.

Mimi nimemaliza shule, vyeti bado. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bi Ikhlas, mkuu wa shule ya watoto wadogo karibu na soko, kuomba kazi ya kumsaidia mwalimu. Aliniuliza maswali sita na nikajibu yote, ila yeye anasema alisikia majibu mawili. Kisha akanipeleka darasani, akakaa benchi la tatu, akaniambia nisome. Nikasoma. Baada ya muda akasema, "Haya binti, anza." Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili. Amesema nirudi siku sauti yangu itakapofika benchi la tatu.

Sanduku lako nimelifungua mwezi huu kama ulivyoniagiza, nikapepea nguo na kubadilisha majani ya mwarobaini. Ufunguo ninao mimi tu.

Nina swali moja dogo, nalo si langu. Jirani yetu mmoja alipita karibu na muuza bajia za taamia, na pindo la tobu alilojitanda mwili mzima likaangukia kwenye sinia ya taamia zilizotoka kwenye karai muda huohuo. Tobu lenyewe ni la kile kitambaa chepesi sana, ambacho ukikiinua mbele ya dirisha unaona watu wanaopita. Doa ni kubwa kama yai. Nikakumbuka kwamba Atbara nzima huleta nguo laini kwako, nikasema nikuulizie. Hana haraka. Lakini ukijibu kwa treni ya kwanza atashukuru.

Mwanao,
Rabab


Omdurman, 6 Juni 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana.

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Baba ana mafua. Tayba amechagua vitambaa vya mapazia, kisha akavikataa, kisha akavichagua tena.

Sijapata jibu lako, na silalamiki. Ni yule jirani wa nyumba ya kona anayeniuliza kila siku, nami namwonea huruma. Kwa kuwa jibu lilichelewa, alisikia sokoni kwamba doa la mafuta huwekewa karatasi juu na karatasi chini, kisha hupigwa pasi ya moto, karatasi ikanywa mafuta. Hakuwa na karatasi tupu. Alitumia gazeti.

Karatasi ilikunywa mafuta kidogo, na kitambaa kikanywa gazeti. Sasa pale penye doa pana maandishi. Yamegeuka, lakini ukiyatazama kwenye kioo yanasomeka vizuri: "Bei ya vitunguu yatarajiwa kupanda." Jirani hawezi kwenda popote na tobu lenye habari hiyo.

Shangazi, kuna mtu anayelingoja tobu hilo, na atalihitaji kabla ya mwisho wa mwaka. Jirani anaogopa kwamba mtu huyo akilikuta hivyo kutakuwa na ugomvi, na katika nyumba ile ugomvi wa zamani upo wa kutosha. Tafadhali.

Mwanao,
Rabab


Atbara, 24 Juni 1979

Maneno ni ya Hajja Sittana, mkono ni wa Khidir, karani mstaafu wa reli.

Kwa binti wa kaka yangu, Rabab.

Aleikum salaam. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana sura ya baba yako. Goti langu liko palepale. Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya pili ikiwa imekalia ya kwanza. Msalimie kaka yangu, mwambie mafua ni ya kulala bila fulana. Msalimie Tayba. Wengine waliomo humo ndani wanajijua.

Kwenye harusi nitakuja. Mambo ya kuvaa yasiwasumbue, nitavaa tobu langu la rangi ya chai ya maziwa, lile lililomo sandukuni, alilonunua marehemu mume wangu Port Sudan.

Sasa huyo jirani. Mwambie gazeti ni la kusoma. Mwambie pia asisugue. Kitambaa kile ukikisugua nyuzi zinaachana, na badala ya doa unapata dirisha. Na pasi asilionyeshe tena. Joto hulipikia doa mlemle ndani.

Afanye hivi. Alitandaze juu ya taulo kavu, upande wa nje ukitazama chini. Amwagie poda ya mtoto pale penye doa, nyingi, kama anayempaka mtoto mwenye joto. Kama hana poda, unga laini wa mtama. Aache tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha apanguse kwa brashi laini, arudie mpaka poda isitoke na unyevu. Halafu achukue sabuni ya kipande, aiyeyushe katika maji ya uvuguvugu, achovye kitambaa cheupe, agonge kidogokidogo kutokea upande wa nyuma, ili doa litoke lilikoingilia. Asikamue. Alikunje ndani ya taulo, alikandamize, alianike kivulini. Wino utapungua kila akirudia. Vitunguu vyenyewe vimepanda bei kweli, hapo gazeti halikusema uongo.

Anijulishe tobu lake ni la rangi gani, maana dawa hufuata rangi.

Halafu nimeshangaa kidogo. Nyumba ya kona mtaani kwenu, ninavyoikumbuka mimi, ni duka la mkate. Siku hizi mikate inavaa tobu?

(Mimi Khidir naongeza: nilijaribu poda kwenye shati langu na doa limetoka. Hajja anasema nisiongeze kitu. Nimeshaongeza.)

Shangazi yako,
Sittana


Omdurman, 22 Julai 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana.

Asalaam aleikum. Hongera kwa mapacha. Baba amecheka, halafu akaenda kujitazama kwenye kioo. Ramadhani imebakiza siku chache ianze, na Mama ameanza kukausha unga wa vinywaji juu ya paa. Nilipomsomea kwamba umewasalimu watu, aliuliza, "Na mimi?" Nikasema barua ilipata maji sehemu fulani. Samahani.

Jirani amefanya kila kitu ulichosema, mara nne. Doa la taamia limekwisha kabisa. Vitunguu pia vimekwisha, imebaki herufi moja tu, na iko mahali panapokunjwa. Jirani alilia kwa furaha. Rangi ya tobu lake ni ya kawaida tu.

Kuhusu nyumba ya kona, nilikuwa na maana ya kona nyingine.

Lakini alipolikunjua lote ili akague, amekuta doa lingine. Hili hakulitia yeye, anaapa. Liko bega la kushoto, kubwa kama kisahani cha kikombe, la manjano, limekauka kama gundi, na ukilinusa linatoa harufu ya karafuu. Tobu likikunjwa halionekani, ndiyo maana hakuliona mwanzo. Sasa hajui mwenye tobu akiliona atasema ni la nani. Hataki kulaumiwa kwa madoa mawili na hali la kwake ni moja. Nimemwambia asubiri neno lako.

Mwanao,
Rabab


Atbara, 12 Agosti 1979

Maneno ya Hajja Sittana, mkono wa Khidir, wote tukiwa na saumu, kwa hiyo itakuwa fupi.

Rabab,

Aleikum salaam. Barua yako nimesomewa leo, na leo hii najibu, kabla hata ya kukamua mbuzi.

Doa la bega lisiguswe. Mwambie jirani huyo asitie poda, asitie sabuni, asipulize hata pumzi. Alikunje tobu vilevile, doa ndani, alirudishe alikolitoa, afunge kwa ufunguo, na ufunguo auvae shingoni.

Asiniulize kwa nini.

(Mimi Khidir naongeza: nimemuuliza kwa nini. Amesema niandike nilichoambiwa.)

Sittana


Omdurman, 9 Septemba 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana.

Asalaam aleikum na heri ya Idi iliyopita. Wanasema mvua imekata reli na mifuko ya barua imelala kituoni, basi huenda neno lako limekaa huko. Sisi wazima. Tayba ameanza kufukizwa kwa moshi wa kuni za taliha kila jioni kama ilivyo kwa mabibi harusi, na sasa nyumba nzima pamoja na Baba tunanukia kama tunaolewa.

Nina habari njema. Jirani alingoja wiki sita. Halafu akaona siku zinakwisha, akafikiri mwenyewe. Doa lile lilikuwa gumu, poda haikulinywa. Akasema, kama mafuta haya yamekauka, basi yanahitaji kukumbushwa kwamba ni mafuta. Akadondosha matone mawili ya mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu, akasubiri doa lilainike. Likalainika. Hapo akatia poda, kisha sabuni kutokea nyuma, kama ulivyofundisha. Ilichukua siku tatu.

Shangazi, limetoka lote. Ukililinganisha bega la kushoto na la kulia huwezi kujua. Hata harufu ya karafuu imekwisha. Jirani anasema hajawahi kufanya kitu kizuri kama hicho maishani mwake, na anataka wewe ndiye uwe wa kwanza kujua.

Mwanao mwenye furaha,
Rabab


Omdurman, 1 Oktoba 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana.

Asalaam aleikum. Barua yako ya tarehe 12 Agosti imefika jana.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa chini.

Hakuna jirani. Kona ni duka la mkate, na kona nyingine ni ukuta tu. Tobu ni lako. Nililivaa mimi siku niliyokwenda kwa Bi Ikhlas. Najua msichana ambaye hajaolewa havai tobu, lakini walimu wote pale wanavaa, nami niliona nikienda na gauni langu la shule watanipanga mstari pamoja na watoto. Nilidhani tobu lingeniongezea miaka na sauti. Halikuongeza sauti. Sijui kulifunga, mikono tisa ya kitambaa ni mingi, na wakati wa kurudi lilinivuka begani likaangukia kwenye sinia ya taamia. Muuzaji aliniambia, "Dada, umenunua zote au unaonja?"

Sikukuambia kwa sababu nilijua Bwana Khidir ndiye anayekusomea, na niliona haya. Niliogopa pia kwamba ukija ukakuta madoa, utadhani Mama amechukua ufunguo kwangu na kufungua sanduku lako, na nyinyi wawili hamjasemezana vizuri tangu kabla sijazaliwa, na harusi ya Tayba itaharibika kwa sababu yangu.

Doa la bega lilikuwa nini? Ulisema nisiulize. Nimeuliza.

Ufunguo niko nao shingoni, ingawa sasa hakuna cha kulinda.

Rabab


Atbara, 18 Oktoba 1979

Rabab, mwanangu,

Aleikum salaam. Mimi Khidir naanza kwa niaba yangu. Nilipomsomea barua yako ya Septemba, Hajja aligeuka akatazama ukuta. Nilipomsomea ya Oktoba, aligeuka tena akasema, "Andika." Yafuatayo ni yake.

Kwamba ni wewe nilijua tangu Juni. Mtu hamfuatii jirani habari za doa kwa barua mbili. Nilikuacha kwa sababu nilitaka kuona kama utajifunza kufua, na umejifunza kuliko nilivyotaka.

Lile doa lilikuwa la mama yako. Siku alipoolewa na kaka yangu, miaka ishirini na moja iliyopita, gari lilipokuja kumchukua kwao, aliweka kichwa chake hapa begani kwangu. Nywele zilikuwa zimesukwa siku hiyohiyo, zikilowa mafuta ya karkar ya ufuta na karafuu. Akalia. Alilia mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Alisema, "Sittana, usiniache peke yangu nyumbani kwenu." Nikasema sitamwacha.

Wiki haikuisha, nikasikia anawaambia wanawake, "Mimi sikudondosha hata chozi. Aliyelia ni wifi yangu, analilia kaka yake." Nikamwambia, "Arafa, tobu langu lina kichwa chako." Akasema ni mafuta ya mwingine. Basi sikulifua. Nililifungia sandukuni, nikaliacha palepale nyumbani kwake, alale nalo. Nilipanga kulivaa siku atakapomtoa binti yake, nimsimamie mbele, watu waone bega langu.

Sasa bega langu ni safi kama la mtoto mchanga.

Sijui kama nimekasirika. Khidir ananiuliza nami sijui. Nitakuja. Tobu liwe limepigwa pasi, lakini pasi ya vuguvugu, na kitambaa juu yake. Kitambaa, Rabab. Si gazeti.

Sittana


Omdurman, 27 Novemba 1979

Kwa Shangazi yangu Sittana, na kwa Bwana Khidir anayesoma kwa sauti.

Asalaam aleikum. Uliniambia kituoni niandike nilichokiona kwa macho yangu, kwa mpangilio, kwa sababu Bwana Khidir hatakuamini, na safari hii unataka maandishi. Haya ndiyo maandishi.

Jumanne uliingia, ukawasalimu wote, ukafungua sanduku, ukaliinua tobu mbele ya dirisha la chumba cha Mama. Mama alikuwa mlangoni na chano ya biskuti za Idi zilizobaki. Ulitazama bega la kushoto, ukasema, "Wifi, limefuliwa."

Mama akasema, "Mimi sijaligusa sanduku lako tangu uliweke."

"Najua. Wewe ungeligusa, lingetoka na mashimo."

"Basi kalifua nani?"

Nikasema, "Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema mara ya pili, mkanitazama wote, na Mama akakuuliza, "Lilikuwa na nini?" Ukasema, "Wewe unajua lilikuwa na nini." Mama akaweka chano kitandani, akasema sukari imepungua jikoni, akaondoka. Sukari ilikuwa gunia zima.

Jumatano mlikaa chumba kimoja mkisukwa, kila mmoja akizungumza na msusi wake. Mama alipakwa karkar mpaka masikio yakang'aa.

Alhamisi alasiri gari la bwana harusi lilikuja. Tayba alitoka. Hakulia, alikuwa akiangalia kama nimemfungia viatu vyake vya akiba. Mama alisimama kwenye kizingiti mikono imekunjwa, kidevu juu, kama mtu anayekagua gari. Wewe ulikuwa nyuma yake. Gari liliposogea, kidevu kikaanza kutetemeka. Aligeuka. Nilidhani anatafuta ukuta. Akaweka kichwa chake begani kwako.

Ulisimama wima kama nguzo ya simu. Kisha ulisema, na hili nimelisikia mwenyewe, "Bega la kulia, Arafa. Hilo la kushoto mwanao amelifua juzi."

Mama akasema, "Nyamaza, wifi." Akabaki palepale kushoto.

Mlikaa hivyo mpaka vumbi la gari likatua. Nilikuona ukiubadilisha mkono mara moja, nadhani ulikuwa umekufa ganzi. Ulimpigapiga mgongoni kwa ule mwingine. Mama alisema kitu nisichokisikia, na wewe ukajibu, "Nilikuwepo. Miaka yote nilikuwepo, sanduku langu liko chini ya kitanda chako." Mama alicheka huku analia, nawe pia, lakini umeniambia hilo la mwisho nisiliandike.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Rabab, binti wa kaka yako, nathibitisha.

Sasa habari za nyumbani. Baba mzima. Tayba ametuletea nguo zake tumfulie. Tobu limo sandukuni kama ulivyoagiza, doa ndani, na ni kubwa kuliko la zamani. Limefika sahani.

Kuna jambo moja zaidi. Jana asubuhi nilikuwa nachambua dengu, Mama akaja akakaa karibu yangu, jambo ambalo si la kawaida yake. Alichambua dengu tatu au nne. Halafu akasema, "Rabab, watu wanasema wewe ni fundi wa madoa."

Nikasema kidogo.

Akasema, "Kuna jirani yangu mmoja, amepakwa karkar kwenye tobu jepesi. Si tobu lake. Anauliza hutolewa vipi, kabla watu hawajaanza kusema maneno."

"Jirani gani, Mama?"

"Wa nyumba ya kona."

Nilishika ufunguo kifuani. Nikamwambia, "Mwambie jirani yako asiliguse."

Baba alikuwa uani, ng'ambo ya kisima, akinyoa ndevu. Aliuliza ni nani huyo anayepiga kelele.

Jumamosi nakwenda kwa Bi Ikhlas. Nitavaa gauni langu la shule.

Mwanao,
Rabab